Hatua Arobaini Kutoka kwa Maren

Jumanne ya pili ya Septemba, saa nne asubuhi, Lorna Pelletier aliegesha gari lake la viti saba kwenye nyasi za shamba la matufaha la Bi Dot Leavitt, akazima injini, akabaki ameshika usukani kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Nyuma walikaa binti zake wawili, Maren wa miaka kumi na miwili na Tilly wa miaka saba, pamoja na vikapu vinne, chupa ya chai, viatu vya matope na daftari la siku. Kwa watu wanaosomesha watoto wao nyumbani, daftari la siku ndilo shule yenyewe. Kilichoandikwa humo kimefundishwa. Kuchuma matufaha ni hesabu. Kuyakamua juisi ni sayansi. Kupanda tela la nyasi kavu nyuma ya trekta, ukilitazama kwa jicho la huruma, ni historia.

"Mama, tunashuka au leo tunasomea garini?" Tilly aliuliza.

"Tunashuka. Nipe dakika moja."

"Umesema hivyo dakika tatu zilizopita."

"Basi hesabu ya leo umeshamaliza. Shuka."

Mlangoni pa kibanda cha mauzo palikuwa na ubao mweusi ambao Bi Dot aliuandika kwa chaki kila asubuhi: aina za matufaha yaliyoiva, yako mstari wa ngapi, kikapu kinauzwaje. Maren alipokuwa bado mbali, amebeba vikapu viwili, ubao ukawa mtupu. Haukufutika kidogo kidogo, wala hapakubaki vumbi la chaki. Ulikuwa na maandishi, kisha haukuwa nayo. Vibandiko vya kwenye mitungi ya jamu navyo vikawa vyeupe, na fulana ya kijana wa trekta, iliyokuwa na jina la timu yake kifuani, ikabaki fulana ya bluu.

Bi Dot aliinua macho kutoka kwenye sanduku la matufaha. "Lorna, huyu mkubwa wako msogeze kidogo kule kwenye maboga. Kuna mteja anatafuta bei."

"Samahani, Dot."

"Samahani ya nini? Mwaka juzi yule wa kina Haskell alikuwa akipita tu, maziwa yanaganda. Watoto hawa. Anakua, anaacha."

Maren akasogea kwenye maboga bila kununa. Ubao ukarudi ulivyokuwa, pamoja na alama ya kidole cha Bi Dot pembeni. Akasogezwa mbele, ukafutika. Akarudishwa nyuma, ukarudi. Lorna alikuwa amechoka lakini hakuwa mtu wa kupoteza somo, hivyo akamwambia Tilly apime. Tilly alitembea kutoka kwenye ubao hadi kwa dada yake akihesabu kwa sauti, akafika arobaini kamili. Jioni ile, Maren akiwa bado nje mbali na nyumba, Lorna aliandika katika daftari: *Vipimo vya urefu, kwa vitendo. Tilly amepima. Maren amesaidia.*

Maren hakujua kusoma. Hilo halikuwa siri ndani ya nyumba, ila lilikuwa jambo lisilotajwa, kama mguu wa meza uliolegea ambao kila mtu amejifunza kutouegemea. Alijua mengine mengi sana. Alijua miti kwa magome yake, alijua tufaha lipi lihifadhiwe mpaka Machi na lipi liliwe leo, alikariri hadithi nzima nzima alizozisikia kwenye kanda. Lakini herufi zilimkataa. Alipokuwa na miaka sita Lorna alimwekea kitabu mbele, akaona kidevu cha mtoto kinatetemeka, na moyo wake ukamsuta. Lorna mwenyewe alipokuwa na umri huo alisimamishwa mbele ya darasa la watoto thelathini ashike kitabu asome, wakamcheka mpaka akajikojolea. Aliapa kwamba mtoto wake hatayaona hayo. Basi alikifunga kile kitabu akasema, "Majani yakianguka, tutaanza." Majani yalikuwa yameanguka mara sita tangu siku hiyo.

Wade, baba yao, aliyebeba magogo kwa lori na kurudi nyumbani Ijumaa, hakuona tatizo. "Usimharakishe," alisema. "Mimi mwenyewe nilianza kusoma nina miaka tisa, na niko hapa." Maren alipofika miaka kumi, Wade alikumbuka vizuri zaidi kwamba ilikuwa kumi na moja. Sasa alikuwa anasema kumi na tatu.

Na Tilly ndiye aliyeharibu kila kitu, maskini, bila kukusudia. Alijifundisha kusoma mwenyewe akiwa na miaka minne kutoka kwenye boksi la nafaka za asubuhi, wala hakuna aliyemwomba. Lorna aliisimulia habari hiyo katika kila mkutano wa akina mama wa elimu ya nyumbani, na akina mama wakaafiki kwa vichwa kwa furaha. "Unaona? Wanasoma wakiwa tayari." Maandishi yalipoanza kumkimbia Maren, mwanzoni mwa Septemba hii, wale akina mama walijadili katika mkutano mmoja kama herufi zinatoweka kwa sababu hajui kusoma, au hajui kusoma kwa sababu zinatoweka. Hawakuafikiana, na ilibidi waingie kwenye ajenda ya nani ataleta donati siku ya maboga.

Mwisho wa Septemba barua ilifika. Ilitoka Ohio, kwa Wren Doucette, ambaye alikuwa rafiki pekee wa Maren mpaka Agosti, baba yake alipopata kazi mpya akahama naye. Siku hizi Wren alikuwa akienda shule ya kawaida, kwa basi la njano. Hakuwa na simu. Baba yake hakuamini simu kwa watoto, wala Lorna hakuziamini, na jambo hilo ndilo lililowaunganisha wazazi hao tangu mwanzo. Nyuma ya bahasha Wren alikuwa amechora kufuli. Michoro haikumkimbia Maren, zilizomkimbia zilikuwa herufi na namba tu, kwa hiyo kufuli alilielewa. Barua hiyo ni ya mtu mmoja.

Aliifungua chumbani. Karatasi mbili, nyeupe pande zote. Akaziweka sawa, akazirudisha ndani ya bahasha, bahasha akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Wren anasemaje?" Lorna aliuliza akimenya viazi.

"Hajambo."

"Anaipenda shule?"

"Kidogo."

Wren hakujua kwamba rafiki yake hajui kusoma. Katika miaka minne ya urafiki Maren alikuwa amehakikisha hajui. Kila mara alisema macho yanamuuma, au soma wewe, mimi nachonga. Alijua mama yake angemsomea barua ile. Alijua Tilly angeisoma kwa sekunde ishirini. Lakini kufuli lilikuwa pale, na kumwomba mtoto wa miaka saba akufungulie mlango wako ni kazi ngumu ukiwa na kumi na miwili. Hivyo akatembea nayo.

Oktoba ile Lorna aliwatembeza kuliko miaka yote. Ndivyo alivyokuwa: alipochoka, alipanga matembezi, na matembezi yakamchosha, akapanga mengine. Walikwenda kuokota majani ya mepo, yale mekundu yenye ncha, wakayapiga pasi kati ya karatasi za nta. Walikwenda kupima maboga makubwa kwenye maonyesho, ambako mizani ilikuwa haionyeshi kitu na waamuzi wakakubaliana kuyapanga kwa macho. Walikwenda maktaba, ambako mkutubi, mwanamke mpole sana, alimwekea Maren kiti kwenye varanda na kumpa blanketi na kikombe cha kakao ili wengine wasome. Njiani vibao vya barabara vilifutika kimoja baada ya kingine, na mara mbili Lorna alipitiliza njia ya kutokea, akaendesha maili kumi na moja kabla ya kupata mahali pa kugeuza. Alimhamishia Maren kiti cha nyuma kabisa. Haikusaidia, lakini ilikuwa kufanya kitu.

Kwenye shamba la mahindi, lile linalokatwa njia za kupoteana, palikuwa na vibao kwenye kila njia panda vyenye maswali: ukijibu sawa, kata kulia, ukikosea, kushoto. Maren alikaa mle dakika arobaini akikata njia kwa kuangalia jua, akatoka wa kwanza. Familia moja kutoka Portland ilikaa saa mbili na nusu. Mwenye shamba alimfuata Lorna hadi kwenye gari.

"Mama, sina ugomvi na mtoto. Ila mwakani aingie wa mwisho."

"Sawa."

"Na ni mwerevu. Hakuna anayetoka kwa jua."

"Najua," Lorna alisema, na machozi yakamlenga kwa sababu ambayo hakutaka kuifikiria maegeshoni.

Mkaguzi wa elimu ya nyumbani alikuja Jumatano ya kwanza ya Novemba. Karatasi yake ilitakiwa iwe imepelekwa serikalini tangu mwanzo wa Septemba, lakini Bi Corinne Ames alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na mmoja, alikagua familia kumi na mbili, na goti lake moja lilikuwa la chuma. Alikaa mezani jikoni, akapewa juisi ya moto ya matufaha yenye mdalasini, akavua miwani akaifuta, akaivaa. Kwa utaratibu wake mwenyewe, mtoto anayekaguliwa lazima awepo. Maren alikaa mbele yake amesuka nywele. Tilly alikuwa chini ya meza na paka.

Lorna aliweka faili. Lilikuwa faili nene, kazi ya mwaka mzima, na jana yake, Maren alipokuwa mbali, lilikuwa limejaa mwandiko wake kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Bi Ames alilifungua. Ukurasa mweupe, jani la mwaloni. Ukurasa mweupe, picha ya Maren juu ya ngazi ya kuchumia. Ukurasa mweupe, jani la mepo, limepigwa pasi vizuri. Alizigeuza zote, moja moja, akilowesha kidole.

"Kazi nzuri," alisema. "Hili ni la mti gani, mpenzi?"

"Mti wa mbao nyeupe, ule wa vipini vya shoka," Maren alisema. "Majani yake huanguka mapema, yote kwa siku moja au mbili. Lile nililiokota tarehe ishirini na sita. Lingine liko upande wa pili, lina wadudu, ule mti utakufa."

"Vizuri sana. Na hesabu?"

Wakafanya hesabu ya mdomo kwa robo saa. Maren hakukosea hata moja. Bi Ames alikunywa juisi yake.

"Na kusoma?"

Paka akatoka chini ya meza. Lorna alisema, "Yuko njiani."

"Sijui kusoma," Maren alisema.

Alilisema kwa sauti ya kawaida, mikono juu ya meza. Lorna alimtazama, halafu akatazama sinki. Tangu mtoto yule azaliwe, hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo ndani ya jiko lile, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya mtu mwenye kalamu. Kwa kitambo kidogo Lorna alihisi kitu kama mzigo unaoshushwa. Alitamani yule mwanamke apige meza. Alitamani amwambie ameshindwa, amletee mtu, amchukulie basi la njano, lolote, ili mradi liwe la mtu mwingine kuanzia sasa.

"Najua, mpenzi," Bi Ames alisema. "Nilijua mwaka jana, na mwaka juzi."

"Sasa?"

"Sasa karatasi hii ina sehemu mbili. Ameendelea, hajaendelea. Nikiweka hajaendelea, kuna barua zinatumwa, kuna watu wanakuja hapa na mikoba, mama yako anaitwa, na mwisho wa yote wanarudi kuniuliza mimi. Nimeliona hilo mara nne. Goti langu haliwezi la tano." Akatoa kalamu. "Na wewe umeendelea. Mwaka jana hukusema."

Akaiweka karatasi yake mezani. Nayo ilikuwa nyeupe, haina mistari wala visanduku. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Lorna, ulikuwa umeshaitazama hii kabla Maren hajaingia? Mstari wa sahihi uko wapi?"

Lorna akanyoosha mkono, akaweka kidole karibu na chini, upande wa kulia. Bi Ames akasaini pembeni mwa kidole hicho, na wino ukatoweka ukiwa bado unatoka kwenye kalamu. Akapuliza karatasi ikauke, akaikunja, akamshukuru kwa juisi.

Ijumaa Wade alirudi, akaambiwa mkaguzi amepitisha. "Si nilisema?" alisema, akambusu Maren kichwani. "Mimi nilikuwa na kumi na nne." Lorna alisema kesho waende kwa Dot, ni siku ya mwisho kabla hajafunga.

Jumamosi shamba lilikuwa tupu. Miti ilikuwa imebaki vijiti, na matufaha yaliyooza yalinukia pombe kwenye nyasi. Bi Dot alikuwa anabeba masanduku matupu kuyaingiza ghalani, na Lorna alikaa garini, mlango wazi, miguu nje, anakunywa chai iliyopoa. Alikuwa amewaambia wasichana wakaangalie ndege gani hawajaondoka.

Maren alimshika Tilly bega.

"Tilly, unaweza kutunza jambo?"

"Inategemea ni kubwa kiasi gani."

"Nataka unisomee kitu. Halafu unakisahau."

Tilly akanyoosha mkono. Alikuwa na miaka saba lakini hakuwa mjinga, na alikuwa amesubiri jambo hilo tangu mwisho wa Septemba, maana koti lilitundikwa karibu na lake. "Nipe," alisema.

Akaichukua bahasha, akatembea katikati ya mistari miwili ya miti akihesabu. Kwenye arobaini akasimama, akageuka, akazifungua karatasi. Ziliandikwa kwa wino wa kijani, pande zote.

"Nisome polepole au haraka?" aliuliza kwa kupaza sauti.

"Kawaida."

Tilly alisoma. Hakuna namna ya kunong'ona hatua arobaini kwenye upepo wa Novemba, kwa hiyo alisoma kwa sauti yake yote, na Tilly alikuwa na sauti. Wren alikuwa anasema shule inanuka dawa ya sakafu. Kwenye basi hakuna anayekaa naye. Analia chooni, ila watu wa kule wanadhani ana mafua. Hajamwambia mtu mwingine yeyote. Bi Dot alisimama mlangoni pa ghala na sanduku mikononi, akasikia. Garini Lorna akashusha kikombe.

"'Baba anasema Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba, anaweza kunileta kwenu siku nne,'" Tilly alisoma, "'lakini lazima uniandikie wewe mwenyewe kwamba unataka, maana anasema tusijialike. Andika hata neno moja. Usipoandika mpaka Novemba mosi, nitajua una rafiki mwingine, na sitakusumbua tena. Sitakasirika.' Halafu kuna jina lake. Halafu amechora bata mzinga wa sikukuu."

Maren alikuwa amesimama wima, mikono mifukoni.

"Rudia ya mwisho."

"Ya bata mzinga?"

"Kabla yake."

Tilly akarudia. Ndege wachache ambao hawakuwa wameondoka waliruka kutoka mti mmoja hadi mwingine.

"Leo tarehe ngapi?" Maren aliuliza.

"Nane."

Maren akaanza kutembea kumwendea. Alipopiga hatua ya kwanza tu wino wa kijani ukatoweka chini ya kidole gumba cha Tilly, akabaki ameshika karatasi mbili nyeupe zenye bata mzinga.

"Nikuandikie jibu?" Tilly aliuliza. "Wewe simama huko huko, unitajie, mimi naandika. Tunampelekea leo leo. Posta inafungwa saa sita."

"Ataona ni mwandiko wa mtoto mdogo."

"Nitaandika vizuri."

"Najua utaandika vizuri," Maren alisema. Hakuwa amekasirika. Alichukua karatasi, akazikunja palepale zilipokuwa zimekunjwa, akazirudisha. "Asante, Tilly. Sasa sahau."

"Nimeshasahau," Tilly alisema, akaanza kulia kidogo, akafuta pua kwa glavu.

Kule garini Lorna alikuwa amesikia kila neno. Alihesabu siku kwa vidole, kutoka mosi mpaka nane, kana kwamba jibu lingebadilika. Alifikiria kumpigia simu baba yake Wren. Angempigia, angesema nini? Angelazimika kusema kwa nini mtoto hakujibu, na neno hilo lilikuwa gumu kutoka kinywani mwake kuliko lilivyotoka kinywani mwa Maren. Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kiti cha pembeni, ukalichukua daftari la siku, ukatafuta kalamu. Wasichana walikuwa bado mbali, na ukurasa ulishika wino vizuri. Aliandika: *Kusoma kwa sauti, nje. Nusu saa. Wote wawili.*

Maren aliingia kiti cha nyuma kabisa, Tilly mbele yake. Ukurasa ulikuwa umeshakuwa mweupe kabla hawajalifikia gari.

"Umeandika nini?" Maren aliuliza. Hakuwahi kuuliza kabla.

Lorna akamwambia.

"Mimi nilikuwa nimesimama tu, Mama."

Lorna akafunga daftari. Aliwatazama kwenye kioo, mmoja mwenye pua nyekundu, mwingine anayetazama dirishani. "Majani yakianguka tena," alisema, "tutaanza. Safari hii nakuahidi."

"Sawa, Mama," Maren alisema, kama alivyosema mara zote zile.

Bi Dot aliwapungia mkono kutoka mlangoni, mbele ya ubao wake mtupu, ambao hata hivyo hakuwa ameuandika siku hiyo. Lorna aliwasha gari. Kwenye njia panda kibao cha kuonyesha mji kilikuwa cheupe kabla hawajakifikia, na yeye akakata kushoto kwa mazoea.